Dada, Kabla Hujamhamishia Mtoto Shule ya Mjini

Bismillahi Rahmani Rahim.



Desemba kuingia Januari sisi wa cherehani hatulali. Nguo za harusi tunaziweka pembeni, tunashona sare. Sketi za bluu, kaptura za bluu, mashati meupe, hijabu nyeupe, na kila mama anataka pindo refu ili sketi ishushwe mwakani na mwaka wa pili yake. Huo ndio msimu ambao tunapata habari za shule zote za Mafia bila kutoka mlangoni. Mama anakaa kwenye kigoda, tunampima mtoto, na maneno yanakuja yale yale: "Huyu namhamisha, namleta Kilindoni akae kwa shangazi yake. Kule kwetu shule haifaulishi."

Wali nao wana yao. Tunampima mwali gauni la nikahi, somo wake yuko pembeni anatazama, na mwali anatuambia kuwa ameshamwambia mchumba kwamba kisiwani kwao hakai, maana watoto wake hawatasoma shule ile.

Hatuwalaumu kwa kuuliza. Mwanamke anayewaza shule ya watoto kabla hata ya kuolewa ni mwanamke mwenye akili. Neno la kwanza kumshukia Mtume wetu (s.a.w.) kule pangoni Hira lilikuwa amri ya kusoma, kwa hiyo dada anayelipa uzito jambo la kusoma hajakosea. Tunalolisema leo ni jingine, na tunajua baadhi ya wateja wetu watanuna: hivi tunavyozilinganisha shule za msingi za wilaya yetu tunazilinganisha vibaya, na wanaolipa gharama ya kosa hilo ni watoto wetu wa kike.

Tunavyolinganisha sasa

Tuseme kweli, tunaangalia nini? Tunaangalia rangi ya ukuta. Tunaangalia kama kuna uzio na geti. Tunaangalia mtoto wa nani anasoma pale: mtoto wa afisa wa halmashauri yuko pale, basi pale ndipo. Tunasikiliza jirani kasema nini. Halafu mwisho tunaangalia matokeo ya darasa la saba, na hapo ndipo tunapojiona tumefanya utafiti.

Matokeo ni ya kweli, hatuyakatai. Baraza la Mitihani linayaweka hadharani, kila shule na alama zake, na siku hizi mwenye simu anayapata. Lakini Baraza lenyewe mwanzoni mwa mwaka 2023 liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, ule utaratibu wa kumi bora tuliouzoea. Wao wameacha kuzipanga shule foleni, sisi mtaani tumeendelea kuzipanga.

Hebu tufanye hesabu ndogo, ile ile tunayofanya kwenye vitambaa. Shule ya kisiwa kidogo ina watahiniwa 20. Shule ya mjini ina watahiniwa 125. Kwenye shule ile ndogo, mtoto mmoja akiumwa malaria siku ya mtihani akafeli, shule imeshuka kwa asilimia 5. Kule mjini mtoto mmoja akifeli hata asilimia 1 haifiki. Watoto watatu tu wa kisiwa kidogo wakianguka, shule imepoteza asilimia 15, na mwezi wa Januari wazazi wanasema shule imekufa. Mwaka unaofuata watoto watatu wale wangefaulu, shule ingepanda, na mwalimu ni yule yule, ubao ni ule ule. Mnaona kuwa mnahamisha watoto kwa sababu ya homa ya mtoto mmoja?

Jambo la pili ambalo matokeo hayasemi ni nani hakufika kwenye mtihani. Shule inaweza kufaulisha wote waliokaa kwenye dawati siku ile, ikasifiwa, huku watoto kumi walishapotea njiani kati ya darasa la nne na la saba. Asilimia yao haionekani popote, kwa sababu asiyekuwepo hafeli.

Sisi tunawaona hawa, maana majina yao yamo kwenye daftari letu la vipimo. Mtoto wa kike anashonewa sketi darasa la kwanza, anashonewa la tatu, la tano, halafu jina linakatika. Kaka yake anaendelea kuja kushonewa kaptura.

Kule visiwani kuna nini hasa

Wilaya yetu si kisiwa kimoja, ingawa wageni wanadhani hivyo. Kuna kisiwa kikubwa chenye Kilindoni, Baleni, Kirongwe, Kanga mpaka Bweni kule kaskazini. Halafu kuna Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu. Anayesoma Kilindoni na anayesoma Jibondo wote wanafanya mtihani mmoja, siku moja, karatasi ile ile. Lakini hawajaishi mwaka mmoja.

Jibondo kwa miaka mingi hakukuwa na maji baridi ya kutosha, maji yalikuwa yakivushwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Kila mtu wa Mafia anajua hilo. Sasa fikiria choo cha shule pasipo maji, halafu fikiria mtoto wa kike wa darasa la sita aliye kwenye siku zake. Kusi likishika, Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka na kuvuka kunakuwa kwa kubahatisha. Mwalimu aliyekwenda Kilindoni kufuata mshahara benki, au kumpeleka mkewe hospitali ya wilaya, anaweza asirudi Jumatatu. Na mwalimu mwenyewe mara nyingi hana nyumba. Anapanga chumba kwa mwenyeji, na akipata uhamisho anashukuru Mungu.

Kwa hiyo mama anayesema shule ya kule ina shida hasemi uongo. Shida ipo. Tatizo letu ni dawa tuliyochagua: kila mwenye uwezo anamtoa wa kwake na kunyamaza.

Anayeondoka anaondoka na nini

Tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali hazitozi ada wala michango ya lazima, kufuatana na waraka wa elimu namba 5 wa mwaka 2015. Badala yake serikali inapeleka ruzuku, na kiwango kilichowekwa kwenye sera ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, sehemu yake ikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Fedha hiyo inakwenda kwa idadi ya vichwa.

Shule yenye watoto 900 kwa hesabu hiyo ni shilingi milioni 9. Shule yenye watoto 150 ni milioni 1 na nusu. Lakini bawaba ya mlango iliyovunjika haina bei ya shule ndogo na bei ya shule kubwa. Chaki, karatasi za mitihani ya ndani na kitasa cha choo bei ni moja, na visiwani ongeza nauli ya chombo. Wazazi wa kijiji kimoja wakiwatoa watoto 40, wameiondolea shule ile shilingi 400,000 kwa mwaka, na wameipa halmashauri sababu ya kusema walimu waliopo wanatosha, maana walimu nao wanagawiwa kwa kuhesabu wanafunzi.

Na kuna kitu kinaondoka kisichohesabika kwa shilingi. Anayehamisha mtoto ni mama gani? Ni yule anayejua kusimama mkutanoni akauliza. Ni yule mwenye biashara ya samaki au ya vitenge, anayemjua diwani, anayeweza kumpigia simu afisa elimu kata. Wanawake wa namna hiyo wakishahama wote, mkutano wa wazazi unabaki na bibi waliokuja kusikiliza tu na baba mmoja anayesinzia. Mwalimu mkuu anasoma taarifa, watu wanaitikia, kikao kimefungwa. Halafu tunasema shule ya kule haina mwamko. Mwamko tuliubeba sisi kwenye boti.

Kule mjini je? Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa moja, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Dada, umewahi kwenda kuhesabu kwenye shule hiyo unayoipigania? Shule yenye wasichana 500 inatakiwa matundu 25 ya wasichana peke yao. Nenda kahesabu, halafu ingia darasa la kwanza uhesabu vichwa. Kila mtoto tunayemleta mjini anakaa kwenye dawati ambalo lilikuwa na watatu tayari. Tunaua shule mbili kwa safari moja, tuliyoiacha na tuliyoifuata.

Mtoto anayekaa kwa shangazi

Hapa tunaomba mtuvumilie, maana tunajisema na sisi.

Miaka ya nyuma aliletwa kwetu mtoto mmoja wa kike ashonewe sare. Ametoka kisiwa kidogo, anaingia darasa la tano mjini, atakaa kwa ndugu. Mama yake alikuwa na furaha, alitulipa fedha yote siku hiyo hiyo, hakuomba hata kupunguziwa. Mtoto akaomba kitu kimoja tu: tumtilie mfuko wa ndani kwenye sketi, wenye kifungo. Tukamuuliza wa nini. Akasema ameambiwa atakuwa anakaa na ufunguo.

Hatukulitia maanani. Baadaye tukawa tunamwona asubuhi akipita na beseni la chapati kabla ya kengele ya shule. Jioni watoto wenzake wanakwenda chuoni na juzuu zao, yeye yuko kisimani. Kwao alikuwa ameshafika mbali katika Kurani. Mjini chuo kilikufa kabisa, hakuna aliyemuuliza. Mtihani wa darasa la saba hakuchaguliwa. Na siku tuliyomwona tena dukani hakuja kwa sare. Alikuja na mama yake na kitambaa cheupe, ashonewe gauni la mwali. Tulifungua daftari. Kiuno kilikuwa kile kile cha mwaka ule, urefu umeongezeka kidogo. Hakuwa ametimiza miaka 16.

Tulishona. Tuseme hivyo hivyo ilivyo, tulikata kitambaa, tukashona, tukapokea fedha. Tulijiambia kuwa si mtoto wetu, wazazi wameridhia, na sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Hatukutaka kukumbuka kwamba Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2016 kuwa kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kama angekuwa bado mwanafunzi, sheria ya elimu iliyorekebishwa 2016 inampa anayemwoa kifungo cha miaka 30. Kwa kuwa alishamaliza la saba, hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo hatusemi haya tukiwa tumekaa juu ya mimbari. Tunasema kwa sababu mkono wetu umo. Na tunauliza: mtoto yule angebaki kwao, kwenye ile shule tunayoidharau, analala kwa mama yake, anakwenda chuo jioni, anaamka hajakaanga chapati za mtu, je angefeli zaidi ya alivyofeli mjini? Hatuoni namna.

Si kila shangazi ni mbaya. Wapo walioleta watoto wa ndugu zao wakawasomesha kama wa kuzaa, Allah awalipe kheri. Lakini mama anayelinganisha shule na shule bila kulinganisha nyumba na nyumba amepima nusu ya kitambaa. Mtoto anakaa shuleni saa chache za mchana, zinazobaki zote yuko nyumbani. Nyumba ndiyo inayoamua kama ana nafasi ya kufungua daftari.

Maswali ya kulinganishia

Kama unataka kulinganisha, linganisha. Lakini fanya kama unavyonunua kitambaa, kishike kwa mkono. Sisi tunapendekeza maswali haya, na yote unaweza kuyapatia majibu wewe mwenyewe bila kumtegemea jirani.

La kwanza: wangapi wanapotea? Darasa la nne wana upimaji wao wa taifa, na matokeo yake yanawekwa kwa kila shule, wasichana na wavulana mbalimbali. Chukua idadi ya wasichana wa darasa la nne wa mwaka fulani, halafu angalia matokeo ya darasa la saba miaka mitatu baadaye. Walikuwa 30, wamefika 19. Hao 11 wako wapi? Wengine wamehama, sawa, lakini uliza. Shule inayowafikisha wasichana wake wote mwisho, hata kama alama ni za wastani, ni shule inayolinda. Na usiangalie mwaka mmoja, angalia mitatu au minne.

La pili: mtoto wa darasa la tatu anasoma? Chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, mpe mtoto wa jirani anayesoma shule hiyo yuko la tatu, mwambie akusomee hadithi fupi. Huu si ubunifu wetu. Mradi wa Uwezo ulipita nyumba kwa nyumba nchini kote kwa njia hiyo, na ukakuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi hadithi ya darasa la pili. Dakika tano tu zitakuambia zaidi ya rangi ya ukuta.

La tatu: choo kikoje? Ingia. Usiambiwe, ingia. Kuna maji? Mlango unafungwa kwa ndani? Kuna chumba cha kujistiri kwa wasichana wakubwa? Kama hakuna, jua kuwa binti yako atakosa siku kadhaa kila mwezi, na kwa mwaka ni wiki nzima nzima.

La nne: kuna mwalimu wa kike? Binti akichafuka darasani atamwendea nani? Kuna mambo mtoto hamwambii mwalimu wa kiume hata akiwa mcha Mungu namna gani, na hatutaki amwambie.

La tano: walimu wanalala wapi? Kama walimu wote wanavuka maji au wanatoka mbali kila siku, hesabu siku za kusi na siku za mvua za masika utoe. Shule yenye nyumba mbili za walimu pembeni ina thamani kuliko shule yenye geti la chuma.

La sita: fedha inabandikwa? Ruzuku inayoingia na matumizi yake inatakiwa wazazi waione kwenye ubao wa matangazo. Uliza ubao uko wapi. Ukiona mwalimu mkuu anafurahi kuulizwa, hiyo ni alama nzuri. Ukiona anakasirika, hiyo nayo ni alama.

Ukimaliza maswali haya sita katika shule ya kwenu na shule ya mjini, huenda bado ukasema unahama. Haki yako. Lakini utakuwa umehama kwa sababu, si kwa kufuata mkumbo. Na tunaamini wengi wenu mtagundua kuwa shule ya kwenu imepungukiwa na vitu vitatu vinavyotajika: maji, nyumba ya mwalimu, mwalimu wa kike. Kitu kinachotajika kinaweza kudaiwa.

Wanaosema "mwanangu kwanza"

Tumeshaambiwa: "Nyinyi mnasema hivyo, lakini mimi mwanangu ana miaka saba sasa hivi. Siwezi kumfanya mtoto wangu sadaka nikisubiri shule itengenezwe." Hili ni neno zito na hatulichezei. Mama ataulizwa na Mola wake juu ya mtoto wake kabla ya kuulizwa juu ya watoto wa watu. Sisi sote ni wachungaji na kila mmoja ana kundi lake.

Lakini tuangalie. Kwanza, kumpeleka mtoto wa miaka saba kwenye nyumba ya watu na darasa lililofurika si kumwokoa. Pili, yanayokuja yanatuhusu wote. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Walioanza la tatu mwaka ule wanatarajiwa kumaliza la sita mwaka 2027, na mwaka huo huo wenzao wa la saba nao wanamaliza. Madarasa mawili yatabisha hodi kwenye kidato cha kwanza kwa pamoja. Wazazi watakaokuwa wamejipanga na kusema mapema watasikika. Wazazi waliotawanyika, kila mmoja na mtoto wake kwa shangazi, watapangiwa.

Tatu, kudai hakuchukui miaka yote mnayoiogopa. Kamati ya shule ipo kisheria na wazazi wana nafasi zao humo. Wangapi kati yetu tumewahi kugombea? Tunaacha nafasi wakae wanaume ambao hawajui hata pedi inauzwa bei gani, halafu tunalalamika chumba cha kujistiri hakijajengwa. Gombeeni. Nendeni watano, si mmoja, maana mmoja anaitwa mchochezi na watano wanaitwa wazazi. Andikeni barua moja kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa afisa elimu, nakala kwa diwani, mtaje vitu vitatu tu na mseme mnachotoa nyinyi: mawe, mchanga, chombo cha kuvushia saruji, nguvu. Barua yenye saini za wanawake 60 ni ngumu kuipotezea.

Na wenye ufundi tutoe ufundi. Sisi tumeshajipangia: kila msimu wa sare tunashona pedi za kufua kwa vipande vya pamba vinavyobaki, na tunazipeleka kwa mwalimu wa kike wa shule ambayo wasichana wanakosa. Ni kidogo, lakini binti mmoja akiokoa siku nne za masomo kwa mwezi, hiyo ni sadaka inayoendelea.

Kwenu wali

Mwali wetu, endelea kuuliza kuhusu shule kabla ya nikahi. Uliza mbele ya walii wako, usione haya. Lakini usiishie kuuliza "tutaishi wapi." Muulize mchumba: "Shule ya kwenu ukiiona ina kasoro, utakwenda kwenye kikao au utaniachia mimi? Binti yetu akimaliza la saba bila kuchaguliwa, utamtafutia njia nyingine, ufundi, masomo ya jioni, au utamtafutia mume?" Jibu la swali hilo la pili litakuonyesha unaolewa na nani kuliko rangi ya sanduku la posa.

Na kama unaolewa kwenda Juani, Chole, Jibondo au Bwejuu, usiende kama mtu aliyehukumiwa. Nenda kama mtu mwenye kidato cha nne chako, simu yako na mdomo wako. Shule ile inamhitaji mama mmoja kama wewe kwenye kamati kuliko inavyohitaji rangi mpya.

Sisi nasi tumeweka sharti letu, na tunaliandika hapa ili mtushike nalo. Gauni la mwali ambaye hajatimiza miaka 18 hatukati tena. Wapo mafundi wengine watakaoshona, tunajua, na tutapoteza fedha. Lakini daftari letu la vipimo lina jina moja ambalo kila tukilifungua tunaliona, na hatutaki kuongeza la pili.

Januari ikifika tutawashonea sare zenu zote, za mjini na za visiwani, kwa bei moja. Ila mtusamehe tukiwauliza, wakati tunampima mtoto, kama mmeingia kwenye choo cha hiyo shule.

Allah atujaalie tuwe wachungaji wema wa watoto wetu na wa watoto wa wenzetu.

Wabillahi tawfiq.